Bledi Ilishuka Yenyewe?

"Bledi ilishuka, fundi akaumia." Kwa sentensi fupi kama hii habari hufika mjini Morogoro kutoka barabara ya Matombo, kule masika yanakochimba njia chini ya Milima ya Uluguru na greda hugoma katikati ya kazi. Fundi alikuwa amelala chali chini ya bledi akifungua paipu ya haidroliki. Bledi ile haikuwa imeshikiliwa na chuma chochote, ni presha ya mafuta tu. Paipu ikilegea, uzito wote unakuja chini.

Kushuka na kuumia ni vitenzi vyepesi mdomoni kwa sababu havimdai mtu. Kiswahili kinavyo vingi vya namna hiyo, pasuka, katika, vunjika, anguka, na karibu kila kimoja kina pacha wake anayedai mtu: pasuliwa, katwa, vunjwa, angushwa. Aliyesahau kuishusha bledi hadi ardhini, au aliyeona magogo ya kuikingia ni gharama, hayumo ndani ya "ilishuka". Tarehe 23 Mei 2024 bomba la mvuke lilipasuka katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, wilayani Mvomero, watu 11 wakafariki. Siku ya kwanza "lilipasuka" ndilo neno la haki, maana hakuna ajuaye zaidi ya hapo. Mashaka yangu ni juu ya kitenzi cha siku ya kwanza kuzoeleka mpaka kikawa cha kudumu, katika ajali yoyote ile.

Neno ajali nalo humficha mtu vizuri sana. Kwa Kiarabu asili yake ni muda uliowekwa, hasa muda wa kufa, na tukisema ajali haina kinga vichwa vinainama. Kwa radi, sawa. Kwa bledi ya greda kinga ipo: ikae chini au juu ya magogo, injini izimwe, ufunguo uingie mfukoni mwa fundi mwenyewe, na kwenye usukani kitundikwe kibao, "Usiwashe, mtu yuko chini."

Sheria zetu zimegawana sarufi hii kwa namna inayonifurahisha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali OSHA, humtafuta mtendaji: nani alipaswa kukinga, akaacha? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, iliyozaa mfuko tunaouita WCF, ulioanza kazi Julai 2015, haimtafuti. Huuliza tu kama madhara yametokana na kazi na yamempata mtu akiwa kazini. "Aliumia" inaitosha. Fundi hahitaji kuthibitisha uzembe wa bosi ili alipwe, na mchango wa mfuko hutolewa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Na kazini si lazima pawe ndani ya geti. Aliyetumwa Matombo yuko kazini Matombo, hata kama daftari la mahudhurio liko Kihonda, mjini Morogoro.

Penye utata ni kibarua. Chimbuko lake ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa, na kikiota nyasi ndiyo basi tena. "Huyo si mfanyakazi, ni kibarua tu," husema wenye mitambo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au vitendea kazi anapewa na huyo anayemtumia. Kwa hiyo kuuliza spana ni ya nani si mzaha.

Halafu bosi anakuja wodini na bahasha. "Pole sana, kijana wangu." Adabu yetu hujibu, "Nishapoa, mzee," na jibu hilo hufunga mazungumzo. Sina ugomvi na pole, mji usio na pole haukaliki. Ila pole hujibiwa, fidia hudaiwa. Wanaofunga Ramadhani wanalijua neno fidia: mzee asiyeweza kufunga hulisha maskini kwa kila siku aliyoikosa, hesabu iko wazi. Serikali nayo huyatenga maneno haya kwa makini. Chini ya kanuni za 2011 za wanyamapori hatari, mkulima wa jirani na Hifadhi ya Mikumi ambaye tembo wamemaliza mahindi yake hulipwa kifuta jasho, na familia iliyopoteza mtu hulipwa kifuta machozi. Maofisa hukumbusha kila mara kwamba hiyo si fidia.

Bahasha ya wodini iko upande huo wa machozi. Haijakokotolewa kutoka popote. Fidia ina hesabu: matibabu, asilimia 70 ya mshahara kwa muda ambao fundi hawezi kufanya kazi, na ulemavu wa kudumu ukibaki, hupimwa kwa asilimia. Ukizidi 30, ni pensheni ya kila mwezi, usipozidi, mkupuo. Dai lina ukomo wa miezi 12, na bahasha nene inaweza kumlaza mtu usingizi miezi yote hiyo.

Katika msamiati huu wote wa fidia nalipenda zaidi neno utengamao, yaani huduma ya kumrudisha aliyeumia kwenye kazi na maisha yake. Limetoka kwenye tengamaa, kukaa sawa baada ya kuyumba. Tungeng'ang'ania ukarabati, tungemweka fundi kundi moja na madaraja. Ndani ya utengamao yamo mazoezi ya viungo, mguu wa bandia, na kufundishwa kazi nyingine, ambayo husahaulika kwa kuwa hela ikishalipwa kila mtu huona habari imekwisha. Fundi aliyepoteza vidole vitatu huenda asikaze tena nati za greda, lakini anaujua kwa sikio mlio wa pampu inayokaribia kufa, na gereji yake bado inapokea vijana wa kujifunza kila mwaka.