Bodi Iliyozaliwa Ivrea

Ivrea, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, ulisifika kwa taipureta za Olivetti. Mwaka 2005 ukatoa kifaa kingine: Arduino, bodi ya maikrokontrola iliyobuniwa na Massimo Banzi na wenzake katika chuo cha usanifu cha mjini hapo. Jina walilitoa kwenye baa walimozoea kukutana, nayo baa iliitwa kwa jina la mfalme aliyetawazwa mwaka 1002.

Kilichowasukuma ni bei. Wanafunzi wao, wasanifu wasiosomea umeme, walitegemea maikrokontrola ya BASIC Stamp ya Marekani, iliyouzwa takriban dola 50.

Hapa pana mtu asiyestahili kusahauliwa. Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Kolombia, alianza mradi wa Wiring mwaka 2003 kwa ajili ya shahada yake ya uzamili. Arduino ilijengwa juu ya msingi huo, lakini yeye hakuwemo katika kundi la waanzilishi. Hata amri ya digitalWrite, inayowasha taa ya kwanza ya kila anayejifunza, imetoka kwake.

Michoro ya bodi ilitolewa bure, hivyo mafundi wa nchi nyingi wakatengeneza nakala za bei nafuu. Kuitengeneza bodi pia kulikuwa rahisi: kwenye toleo la Arduino Uno la mwaka 2010, chipu ya ATmega328P yenye miguu 28 ilikaa kwenye soketi. Ukiiunguza kwa kukosea waya, unaichokonoa taratibu kwa bisibisi bapa, unapachika nyingine, na kazi inaendelea.