Neno la Wiki: Kupandikiza au kuchochea?
Bango la kliniki moja ya urembo linasema: “Tunapandikiza nywele kwa damu yako mwenyewe.” Hapana. Kupandikiza kumezaliwa na kupanda, na aliyelima mpunga analijua vizuri: unang’oa mche kitaluni, unauhamishia jarubani. Lazima kiwepo kitu kinachohama. Ndiyo maana tunasema kupandikiza figo, na daktari anayetoa mashina ya nywele kisogoni akayachomeka utosini, huyo anapandikiza kwelikweli.

Tiba ya damu ni nyingine. Unatolewa damu, mashine inaizungusha kwa kasi, kisha ule umajimaji wa manjano wenye chembe nyingi za kugandisha damu unadungwa kichwani, sindano baada ya sindano. Hakuna mche uliohama. Mashina yaliyodhoofika ndiyo yanayochochewa. Basi tuseme kuchochea nywele. Hata “kuotesha” kunaahidi mno, maana kwenye upara wa miaka mingi, ule unaong’aa, hakuna cha kuchochea. Anayesoma “kupandikiza” hulipa akitarajia nywele mpya, kumbe anasaidiwa kutunza alizobaki nazo.