Sensa, Kihisi na Uzito wa Hewa ya Tabora

"Mwalimu, kinachokusumbua ni sensa," fundi aliniambia, kichwa chake kikiwa bado ndani ya boneti. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi pembeni akingoja pikipiki yake izibwe pancha akainua uso. "Sensa si tulishahesabiwa, mjukuu wangu?"

Hakuwa akitania. Kwake yeye, na kwa Watanzania wengi, sensa ni ile ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba kuandika watu na makazi. Fundi alimaanisha kidude cha plastiki kilichochomekwa kwenye bomba la hewa, karibu na injini. Mmoja alizungumzia kuhesabu, mwingine alizungumzia kuhisi, na neno lilikuwa lilelile.

Asili ya mkanganyiko huu ni ya kale. Kilatini kina vitenzi viwili, kimoja cha kukadiria na kuhesabu, kingine cha kuhisi. Kila kimoja kilizaa neno lake katika Kiingereza, na maneno hayo mawili yalipofika kwetu yakavaa matamshi ya aina moja. Gereji haipati shida, maana muktadha unaokoa. Lakini katika kitabu cha ufundi, katika mtihani wa chuo au katika hati ya mauziano ya gari, neno moja halipaswi kubeba mizigo miwili.

Ndiyo maana naliunga mkono neno kihisi. Limeundwa kwa njia ambayo Kiswahili kimeizoea: chukua kitenzi, tanguliza ki-, upate kitu kinachofanya kazi hiyo. Kinachoziba ni kizibo, kinachofunika ni kifuniko, kinachohisi ni kihisi. Sidai kwamba ni neno safi na sensa ni neno geni, kwa sababu hisi yenyewe ni ya Kiarabu. Tofauti ni kwamba hisi limekaa nasi hadi limezaa hisia, kuhisi na uhisivu, kwa hiyo msomaji anayekutana na kihisi kwa mara ya kwanza tayari ana ufunguo mkononi. Anajua kwamba kifaa hiki kazi yake ni kupokea habari. Hakisukumi gari, hakichomi mafuta, hakizalishi nguvu.

Hata hivyo, kusema kihisi cha hewa tu hakutoshi, kwa kuwa injini ya leo inaweza kuwa na vihisi vitatu vya hewa. Kimoja huhisi joto la hewa inayoingia. Cha pili huhisi mgandamizo wake, neno tunalolisikia katika utabiri wa hali ya hewa. Cha tatu ndicho mafundi wengi wanachokikusudia wanaposema sensa ya hewa, na ndicho kigumu zaidi kukipa jina.

Fundi alikichomoa akanionyesha. Ndani ya kijitundu chake mlikuwa na waya mwembamba kama unywele. Kompyuta ya gari, ambayo gereji huiita kontroo boksi, huupasha moto waya huo kwa umeme ili daima uwe na joto zaidi ya hewa inayopita. Hewa ikipita huupoza, kama tunavyopuliza chai. Ikipita nyingi, unapoa zaidi, na umeme mwingi unahitajika kuurudishia joto lake. Kwa kupima umeme huo, kontroo boksi hujua ni gramu ngapi za hewa zimeingia, kisha hupima petroli ya kulingana nazo: kwa kawaida kilo 1 ya petroli kwa kilo 14.7 za hewa.

Je, tukiite kihisi cha kiasi cha hewa? Kiasi kinaweza kuwa lita, kinaweza kuwa kilo, na hapa Tabora tofauti hiyo tunaiishi. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Chukua injini ya lita 1.5 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Kwa hesabu ya juu kabisa huvuta lita 2,250 za hewa kila dakika, iwe Bagamoyo au Tabora. Lakini katika joto la nyuzi 30, lita hizo pwani zina uzito wa kilo 2.6 hivi, na hapa kwetu ni kilo 2.3. Lita ni zilezile, ila karibu thumuni ya hewa yenyewe haipo. Petroli inayoweza kuungua nayo inapungua kutoka gramu 177 hadi gramu 155 hivi kwa dakika, na nguvu inashuka pamoja nayo. Kwa hiyo jina ninalolipendekeza ni kihisi cha uzito wa hewa. Darasani mwalimu wa fizikia atasema tungamo, na atakuwa sahihi. Kwenye gereji, uzito unaeleweka bila kamusi.

Watu wa njia ya misafara kati ya Tabora na pwani walilijua jambo hilo zamani. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, walikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kujenga nyumba zao hapa Unyanyembe. Pembe za ndovu zilizopita mikononi mwao kuelekea Bagamoyo na Unguja ziliuzwa kwa frasila, karibu kilo 16 kila moja. Mzigo ungeonekana mkubwa au mdogo kwa macho, lakini mizani ndiyo iliyokata bei. Mpagazi naye, aliyebeba takriban frasila mbili, mabega yake hayakudanganyika na ukubwa wa furushi.

Sasa nieleze kwa nini jina hili lina faida hata kwa mfuko. Gari langu nililinunua likiwa limetumika, na aliyeniuzia alijisifu kwamba sensa yake imeongezwa nguvu. Nikija nalo Tabora, kuanzia Manyoni kila nilipokanyaga mafuta kwa nguvu, nyuma palitoka moshi mweusi. Fundi alipofuatilia nyaya alikuta rezista ndogo, haifiki ukubwa wa punje ya mchele, imeungwa kwenye waya wa kihisi cha joto. Ukinzani wa kihisi hicho hupanda hewa ikipoa. Rezista ilikuwa imeongeza ukinzani wa bandia, kontroo boksi ikaamini kwamba injini inavuta hewa ya baridi, na hewa ya baridi ni nzito. Katika injini kama yangu, ambayo mbali na ule waya hukadiria uzito wa hewa pia kwa joto na mgandamizo, uongo huo humwaga petroli isiyo na hewa ya kuichoma. Ukienda taratibu, kihisi cha oksijeni kwenye bomba la moshi hugundua kosa na kulirekebisha. Ukikanyaga hadi mwisho, marekebisho hayo huachwa, na plagi zinapata masizi. Wakati mwingine hata cheche huwahishwa kupita kiasi, na injini huanza kugonga.

Sensa iliyoongezwa nguvu ni kauli inayoweza kumpata mtu. Jaribu kusema kihisi kilichoongezwa nguvu, na swali linakuja lenyewe: kinahisi nini zaidi? Kihisi ni shahidi tu, na shahidi hawezi kuongeza mali iliyopo nyumbani kwa kubadili ushahidi wake. Anayetaka nguvu zaidi Tabora inabidi aongeze hewa ya kweli: chujio safi, mabomba yasiyovuja, au tabo inayoshindilia hewa hadi uzito wake upande.

Fundi alikata rezista, akaunga waya upya, kisha akaupulizia ule waya mwembamba dawa ya kusafishia bila kuugusa kwa kidole. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeugandia, na waya wenye vumbi hutoa habari pungufu. Kisha akafungua daftari lake la kazi na kalamu ikasita. "Mwalimu, niandikeje hapa?"

Nikamtajia neno baada ya neno, naye akaandika: kihisi cha uzito wa hewa, kimesafishwa. Mzee wa pikipiki aliomba asomewe. Fundi akamsomea. "Ahaa," akasema, "kumbe ni mizani."