Wapi Aishi Mrusha Kisahani

Gofu ya visahani ni mchezo rahisi kuuelewa. Mchezaji anasimama mahali palipowekwa alama, anarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo kilicho mbali kwa mita 60, mita 100 au hata zaidi ya 200, kisha anakifuata kilipoangukia na kukirusha tena mpaka kiingie. Anayemaliza vikapu vyote kwa mitupo michache ndiye mshindi. Leo Marekani peke yake ina viwanja zaidi ya 10,000, na wapo watu ambao wakitaka kuhama huulizia viwanja kabla ya kuulizia kodi ya nyumba. Jibu wanalopewa mara nyingi ni la hali ya hewa: nenda California, nenda Texas, nenda kusikoanguka theluji. Historia ya mchezo wenyewe haikubaliani na jibu hilo. Mahali pakawa pazuri kwa mchezo huu pale ambapo mji ulikuwa na ardhi ya umma, watendaji wake wakawa tayari kuitoa, na kikundi cha wachezaji kikakaa miaka mingi kuitunza. Jua, milima na misitu vimekuwa nyongeza tu.

Ushahidi wa kwanza ni kwamba mchezo huu ulibuniwa zaidi ya mara moja na ukapotea. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth, jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, watoto wa shule walirusha vifuniko vya bati kuelekea miduara waliyoichora mchangani katika uwanja wa shule yao. Waliucheza mchezo huo kwa muda, wakakua, wakatawanyika, nao ukaishia hapo. Mwaka 1965, huko California, George Sappenfield, aliyekuwa akisimamia michezo ya watoto wakati wa likizo, aliwapa watoto visahani wavirushe kama wachezaji wa gofu wanavyopiga mipira. Baadaye aliajiriwa na mamlaka ya bustani na burudani ya Thousand Oaks, akaandaa mashindano mwaka 1969. Kampuni ya Wham-O, iliyokuwa ikiuza visahani hivyo tangu iliponunua haki za kisahani cha Fred Morrison mwaka 1957, ilimsaidia kwa vifaa. Mashindano yakafana, yakaisha, na hakikubaki kiwanja. Hali ya hewa ya Thousand Oaks ni nzuri mwaka mzima, lakini jua halikutosha kuubakiza mchezo pale.

Kilichobadilisha mambo ni uamuzi wa kaunti. Ed Headrick, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Wham-O, aliishawishi kaunti ya Los Angeles imruhusu kuweka kiwanja cha kudumu katika bustani ya Oak Grove, jirani na Pasadena, na mwaka 1975 kikafunguliwa. Shabaha za kwanza za kiwanja hicho zilikuwa nguzo tu, na wachezaji walibishana bila mwisho kama kisahani kimegusa au hakikugusa. Headrick akabuni kikapu chenye minyororo inayokidaka kisahani na kukiangusha ndani, akapata hataza yake mwaka 1977. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameanzisha PDGA, chama cha wachezaji wa kulipwa ambacho mpaka leo ndicho kinachosimamia kanuni na mashindano makubwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Oak Grove ndipo mchezo huu ulipopata daftari lake: ardhi inayojulikana mmiliki wake, kipimo kisichobishaniwa, na chama kinachoandika matokeo.

Tuitazame ardhi yenyewe, kwa sababu inaeleza mengi. Oak Grove iko pembezoni mwa bonde la bwawa la Devil's Gate, lililojengwa mwaka 1920 kuzuia mafuriko. Ni ardhi ambayo hakuna ambaye angejenga mtaa wa nyumba juu yake. Hii ndiyo siri ya kuenea kwa mchezo huu. Gofu ya kawaida inahitaji eneo kubwa lililosawazishwa, nyasi zinazonyweshwa kila siku, na wafanyakazi wa kulipwa. Gofu ya visahani hutosheka na kipande kidogo zaidi, chenye miti, mabonde na mawe, na kadiri eneo linavyokuwa gumu ndivyo mchezo unavyonoga. Huko Stockholm, kiwanja maarufu cha Järva kimewekwa juu ya kilima kilichorundikwa kwa mikono ya watu. Halmashauri ya mji inapogundua kwamba eneo lisilo na kazi linaweza kuwa kiwanja kwa gharama ya vikapu 18 na nguvu za kujitolea, mazungumzo huwa mafupi. Kwa hiyo swali la mtu anayetafuta mahali pa kuishi linapaswa kuanzia kwa mmiliki wa ardhi za namna hiyo: ni nani, na anaamua vipi.

Atakayesema kwamba hali ya hewa ndiyo mwamuzi aitazame Rochester, katika jimbo la New York, mji unaojulikana kwa theluji nyingi. Huko kundi la vijana lililoongozwa na Jim Palmeri lilikuwa likicheza gofu ya visahani tangu mwaka 1970, bila kujua kinachoendelea California. Mwaka 1974 waliandaa mashindano ya kitaifa ambayo zawadi yake ilikuwa gari jipya aina ya Datsun, na aliyelishinda alikuwa Dan Roddick. Mashindano hayo yalisaidia kuwaonyesha watu wa Wham-O kwamba mchezo huu una wafuasi nje ya pwani yao. Kilichoubeba mchezo huko Rochester ni kikundi cha watu waliokutana wiki baada ya wiki, wakaweka rekodi, wakaalika wageni. Hata sasa, ukilinganisha viwanja na idadi ya wakazi, majimbo ya baridi kama Iowa, Wisconsin na Minnesota yanaishinda California kwa mbali. California ina viwanja vizuri sana, lakini watu wake ni wengi, ardhi yake ni ghali, na kila ekari ya umma ina wagombea kumi.

Iowa inastahili neno moja zaidi. Familia nyingi za Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili zimehamishiwa huko kama wakimbizi, na vikapu hivi vimo katika bustani za miji wanamoishi, kuanzia Des Moines, iliyoandaa mashindano ya dunia mwaka 2004. Viwanja vingi havina kiingilio, na kisahani kimoja hugharimu takriban dola 10 hadi 20. Jambo hili lina uzito katika hoja ya mahali pa kuishi: mchezo uliojengwa juu ya ardhi ya umma huwafikia hata wale ambao hawakuchagua mji wao.

Pingamizi la pili lina nguvu kuliko la hali ya hewa. Linasema kwamba viwanda vya visahani ndivyo vilivyounda mikoa bora. Innova, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1983 huko California na kuleta kisahani chenye ukingo mwembamba wa kukata hewa kilichobuniwa na Dave Dunipace, ilifungua tawi lake la mashariki Rock Hill, South Carolina, na eneo lile pamoja na jirani yake Charlotte likawa kitovu cha mchezo. Dynamic Discs ilianzishwa mwaka 2005 na Jeremy Rusco alipokuwa mwanafunzi Emporia, Kansas, na mji huo wenye watu wapatao 24,000 umeandaa mashindano ya dunia mwaka 2016 na tena mwaka 2022. Ni kweli kwamba kampuni huleta fedha, kazi na wageni. Lakini angalia mpangilio wa mambo. Mashindano makubwa ya Marekani yalipoanza Rock Hill mwaka 1999, yalichezwa katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Winthrop, taasisi ya umma, kando ya ziwa lake. Charlotte ilipoandaa mashindano ya dunia mwaka 2012, ilitegemea bustani za kaunti ya Mecklenburg, zilizokuwa zimewekewa viwanja kimoja baada ya kingine kwa jitihada za klabu ya hapo. Emporia nayo ilikuwa na bustani za mji, na mji uliokubali wageni wajae barabara yake kuu kwa wiki nzima. Kampuni inaweza kukuza kilichopo. Mahali ambapo mji haujatoa ardhi, kampuni hujenga ghala na kuuza kwa posta.

Ufini ndiyo mfano unaonishawishi zaidi. Ni nchi ya watu milioni 5.5, na viwanja vyake vinakaribia 1,000. Zinazoipita kwa wingi wa viwanja kwa kila mkazi ni Åland, ambayo ni visiwa vya Ufini yenyewe, na Iceland. Wengi hulieleza jambo hili kwa haki ya kila mtu kutembea msituni, desturi ya kale ya nchi za Kaskazini inayomruhusu mtu kupita na kuchuma matunda pori katika ardhi isiyo yake. Maelezo hayo yanapendeza lakini hayatoshi. Haki hiyo inakuruhusu kupita, haikuruhusu kuchimbia kikapu. Sababu ya msingi ni kwamba manispaa za Ufini zina ardhi nyingi, na sheria ya michezo, ambayo ya kwanza ilitungwa mwaka 1979, inazitaka ziwawekee wakazi mazingira ya kufanya mazoezi. Manispaa yenye wajibu wa namna hiyo na bajeti ndogo ikaona kiwanja cha visahani ndiyo njia ya bei nafuu ya kuutimiza. Njia za kukimbilia na kuteleza kwa ski zilizokuwapo tayari zikapata kazi wakati wa kiangazi. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa yalifanyika Tampere na Nokia, yakawa ya kwanza kuchezwa Ulaya.

Kuna watakaonikumbusha viwanja vya watu binafsi. Maple Hill, huko Leicester, Massachusetts, kimo ndani ya shamba la miti ya Krismasi, na wengi hukihesabu miongoni mwa viwanja vizuri kuliko vyote duniani. Smugglers' Notch, kituo cha ski huko Vermont, kiliandaa mashindano ya dunia mwaka 2018. Sipunguzi sifa zao hata kidogo. Mwenye ardhi anayeupenda mchezo anaweza kufanya mambo ambayo halmashauri haitayaruhusu kamwe. Lakini kiwanja cha kutembelea mara moja kwa mwaka ni kitu kimoja, na mahali pa kuishi ni kitu kingine. Mchezaji hukua kwa mizunguko ya jioni baada ya kazi, kwa ligi ya kila wiki, kwa mtoto kuweza kutembea kwa miguu hadi kwenye kikapu. Na shamba la mtu linaweza kuuzwa mwenyewe akifariki.

Ardhi ya umma nayo inaweza kutwaliwa, na hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Bustani ya Pease huko Austin, Texas, ilikuwa na kiwanja kilichopendwa mno, mpaka udongo ukaanza kumomonyoka na mizizi ya miti kufunuliwa kwa nyayo za maelfu ya wachezaji. Mji ukakiondoa. Waliopenda mahali pale waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia. Hata hivyo mchezo haukufa Austin: wachezaji walikaa mezani na mji, na kiwanja kingine kikatengenezwa katika bustani ya Roy G. Guerrero. Pale ambapo hakuna klabu yenye mazoea na ofisi ya bustani, kiwanja kikifungwa hakuna wa kudai kingine. Ndiyo maana umri wa klabu una uzito kuliko idadi ya viwanja kwenye ramani.

Kwa vigezo hivi, naiweka Tampere mbele ya Los Angeles, na Emporia mbele ya miji mingi mikubwa ya pwani ya Pasifiki. Gharama ya uchaguzi huo ipo. Katikati ya Desemba mchana wa Tampere haudumu hata kwa saa sita, na wachezaji huvaa taa kichwani na kubandika taa ndogo kwenye visahani ili wavione vikiruka gizani. Emporia ni mji mdogo, na si kila fundi au muuguzi atapata kazi pale. Asiyeweza giza wala udogo wa mji atafanya vyema Charlotte, ambako majira ya baridi si makali na kazi zipo, mradi ajue kwamba mji huo unakua haraka, na kwamba mahali pake pa kwanza pa kwenda ni mkutano wa klabu, kabla bustani aliyoifuata haijaingizwa katika mpango wa barabara.