Daktari Aliyewanyanyua Wazee Kitandani

Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, huko Isleworth magharibi mwa London, ilikabidhiwa majengo ya jirani ambayo madaktari wengi wasingeyatamani. Yalikuwa wodi za nyumba ya maskini, masalia ya sheria kongwe za Uingereza zilizomlazimu mtu asiye na kitu kuingia humo ndipo apate kula. Wodi hizo zilikuwa na vitanda 714. Waliolala humo wengi walikuwa wazee, na wengi walikuwa hawajaamka kwa miezi, hata miaka. Mzigo huo ukamwangukia daktari ambaye hakuwa ametimiza miaka 40, Marjory Warren, aliyekuwa na mafunzo ya upasuaji wala si ya kutunza wazee. Mafunzo ya namna hiyo hayakuwapo.

Desturi ya wakati ule ilikuwa nyepesi: mzee akishaandikwa kuwa mgonjwa sugu, ndiyo imetoka. Anaogeshwa, analishwa, anageuzwa, siku zinakwenda. Daktari hupita mara chache, tena kwa haraka, maana kwa mtazamo wake hapana cha kutibu. Familia nazo huambiwa mzee wao yupo mahali salama.

Warren alianza na kazi ambayo leo yeyote angeiona ya kawaida. Alimpima kila mgonjwa, mmoja baada ya mwingine, akaandika anaumwa nini hasa. Akakuta watu waliopigwa na kiharusi wakalazwa na kusahaulika, magoti yamekunjika na kukakamaa kwa sababu hakuna aliyeyanyoosha. Akakuta vidonda vya mgongoni na makalioni, misuli iliyonyauka, watu walionenepa kwa kulala tu, na wengine waliopoteza hata hamu ya kuzungumza. Mengi ya hayo hayakuletwa na uzee wala na ugonjwa uliowafikisha hospitalini. Yaliletwa na kulazwa. Aligundua pia kuwa wote walikuwa wamechanganywa pamoja: mwenye akili timamu kitanda kimoja, na kinachofuata yule anayepiga kelele usiku kucha, anayeweza kutembea kando ya anayekaribia kufa.

Akawatenganisha. Wanaojiweza kutembea walipata mahali pao, walio kitandani lakini wenye kuzuia haja pao, wasioweza kuzuia haja pao, waliochanganyikiwa kwa utulivu pao, na wale ambao akili zao zilikuwa zimevurugika kabisa pao. Kuta zikapakwa rangi za kung'aa, taa zikaongezwa, vishikio vikafungwa ukutani ili mtu apate pa kujishikilia akijaribu hatua. Wakaletwa wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa tiba kazi, na ofisa ustawi wa jamii akahusishwa mapema, kwa kuwa mtu akishaweza kutembea swali linalofuata ni moja: aende wapi? Wengine walirudi kwao. Wengine walihamia kwenye makao ya wazee, na waliobaki wodini walibaki kwa sababu inayoeleweka.

Vitanda vikashuka kutoka 714 hadi 240. Vilivyobaki wazi walipewa madaktari wa magonjwa ya kifua, ambao enzi hizo za kifua kikuu walikuwa na uhaba mkubwa wa nafasi. Hapo ndipo wakubwa walipoanza kusikiliza. Huruma kwa wazee haikuwa imewatikisa kwa miaka mingi, lakini vitanda karibu 500 vya bure katika jiji kama London viliwatikisa.

Warren alieleza kazi yake katika majarida ya kitabibu mwaka 1943 na tena 1946. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba wazee wagonjwa wawekewe kitengo ndani ya hospitali kubwa, penye vipimo na wanafunzi wa udaktari, badala ya kutupwa pembeni. Mwaka 1947 mganga mwenzake wa London, Richard Asher, alichapisha makala ya kejeli juu ya hatari za kulaza watu kitandani, akipitia kiungo kimoja kimoja na madhara yake. Makala hiyo bado inasomwa vyuoni, na ni miongoni mwa maandishi machache ya kitabibu yanayochekesha kweli.

Mwaka huohuo madaktari wachache walikutana London na kuanzisha chama cha watunza wazee, ambacho mwaka 1959 kilichukua jina la British Geriatrics Society. Mmoja wa waasisi hao, Lionel Cosin, alikuwa daktari wa upasuaji aliyekabidhiwa wagonjwa sugu huko Orsett, Essex, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Bibi aliyevunjika nyonga, kwa desturi, alilazwa asubiri mwisho wake. Cosin alimpasua, akaunga mfupa, akamsimamisha. Baadaye alihamia Oxford, na huko, katika miaka ya 1950, akaanzisha hospitali ya mchana: mzee analetwa asubuhi, anafanya mazoezi na kutibiwa, jioni analala nyumbani kwake.

Lakini nyumbani kwenyewe kukoje? Swali hilo lilimvuta Joseph Sheldon, daktari wa Wolverhampton, ambaye katikati ya miaka ya 1940 alichagua wazee kutoka katika daftari la kadi za mgao wa chakula na kuwatembelea majumbani mwao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1948. Mpaka wakati huo madaktari waliwajua wazee waliofika hospitalini tu, ni sawa na kumjua samaki kwa kumwona sokoni. Sheldon aliwakuta wazee wengi wakipika, wakilea wajukuu na kusaidia watoto wao, na aliyeugua alitunzwa zaidi na mabinti zake. Dhana iliyoenea kuwa familia za mjini zimewatelekeza wazee wao haikusimama.

Mwaka 1960 Sheldon alirudi na utafiti mwingine, safari hii juu ya kuanguka. Alichambua matukio 500 yaliyowapata watu 202. Ngazi za nyumba zilichangia pakubwa. Mzee anashuka gizani, hana cha kushika, anadhani amefika chini kumbe bado kidato kimoja au viwili, anakanyaga hewa. Wengine walianguka bila kujikwaa kabisa: miguu iliishiwa nguvu ghafla, na hawakuweza kueleza kwa nini. Kwa kundi la kwanza dawa ilikuwa balbu na ubao wa kushikia. Kwa la pili, ilikuwa lazima daktari achunguze. Mgawanyo huo, wa hatari iliyo ndani ya nyumba na ile iliyo ndani ya mwili, ndio unaotumika hadi leo kila anapofanyiwa tathmini mzee aliyeanguka.

Serikali ya Uingereza nayo ilikuwa imetoa ahadi kubwa. Sheria ya mwaka 1948 ilifuta mfumo wa nyumba za maskini, na waziri wa afya, Aneurin Bevan, alizungumzia makao madogo ya wazee, mfano wa hoteli, ambamo mkazi analipa na kuheshimiwa. Miaka kumi baadaye mwanasosholojia kijana, Peter Townsend, alizunguka England na Wales kuona kilichofanyika. Alitembelea makao 173. Katika mojawapo alifanya kwa muda kazi ya kuwaogesha wakazi. Kitabu chake cha mwaka 1962 kilionyesha kuwa sehemu kubwa ya wazee waliotunzwa na halmashauri walikuwa bado wakilala katika majengo yaleyale ya nyumba za maskini, yamebadilishwa kibao cha mlangoni tu. Kumbi ndefu za vitanda, hakuna kabati la mtu binafsi, hakuna mlango wa kufunga. Alikuta pia wakazi wasiohitaji kuwa humo hata kidogo, walioingia kwa kukosa nyumba tu. Townsend alipendekeza makao ya aina hiyo yaachwe, fedha ziende kwenye nyumba ndogo zenye msaada wa karibu na kwenye huduma za kumfuata mzee nyumbani. Karibu nusu karne baadaye watafiti wengine walifuatilia yaliyoyapata makao yote 173, na kurudi katika 20 yaliyokuwa bado yanafanya kazi.

Pamoja na hayo, njia ya Warren ilikuwa bado haijapimwa kwa kipimo kigumu. Kipimo hicho kilikuja mwaka 1984, kutoka hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Sepulveda, Los Angeles. Wagonjwa wazee 123 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakaingia kitengo maalumu chenye tathmini kamili na mazoezi, wengine wakaendelea na matunzo ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 23.8, na katika la pili asilimia 48.3. Warren hakuyaona matokeo hayo. Alifariki mwaka 1960 baada ya ajali ya gari akiwa safarini nje ya Uingereza.

Utaratibu huo wa Warren, wa kumpima kila mzee, umefika pia Kilimanjaro, nchini Tanzania, kupitia ushirikiano wa hospitali ya KCMC na madaktari wa wazee wa kaskazini mashariki mwa England. Huko Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa nguzo ya matunzo, makao yakiwa suluhisho la mwisho. Kwa hiyo watafiti wa wilaya ya Hai hawakuwa na wodi ya kuanzia. Walipita vijijini, nyumba kwa nyumba. Katika vijiji sita waliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, na kukadiria kuwa asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ambao majirani wengi huuona kuwa uzee tu.

Ugumu ulikuwa kwenye vipimo. Vingi vya nchi za Magharibi humtaka mzee achore maumbo kwa kalamu, jambo linalomwangusha bibi ambaye hakuwahi kukaa darasani, hata kama kichwa chake kipo sawasawa. Kipimo kilichotengenezwa Hai, kinachoitwa IDEA, kimeiacha kalamu. Mpimaji hupanga njiti za kiberiti katika umbo fulani, kisha humkabidhi mzee njiti nyingine apange kama alivyoona. Humwuliza pia leo ni siku gani, humtaka ataje wanyama wengi kadiri awezavyo, na humsomea maneno kumi ya kukumbuka. Mhudumu wa afya asiye daktari anaweza kujifunza kukitumia. Wazee waliogundulika kuwa na ugonjwa huo wa kupoteza kumbukumbu walialikwa baadaye kwenye vikundi vya kuchangamsha akili vilivyoendeshwa humohumo Hai; katika jaribio la kwanza, lenye washiriki 34, uwezo wao wa kukumbuka na kufikiri uliongezeka.