Himaya ya Treni, si Kizuizi

Rasimu ya istilahi za reli inayopita mikononi mwa watu siku hizi imeamua kwamba kipande cha njia kinachotengewa treni moja kiitwe "kizuizi". Utetezi wa kamati iliyoiandika ni kwamba neno la Kiingereza, "block", lina maana ya kuzuia, basi. Sikubali. Kizuizi ni gogo lililoangukia reli. Kinachotajwa hapa ni kinyume chake: eneo lililo wazi, ambalo treni moja imepewa haki ya kuingia na nyingine zote zimekatazwa. Kumwambia dereva kwamba amepewa kizuizi ni kumtajia zuio pale anaporuhusiwa kwenda, na katika kazi ya reli mkanganyiko wa namna hiyo hauvumiliki.

Mimi nashikilia neno himaya. Limetufikia kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kulinda na kukinga. Mzizi huohuo uliwapa Waarabu neno hima, yaani malisho yaliyotengwa, ambamo mgeni haingizi mifugo bila idhini. Hapo pana eneo, pana mwenye haki, pana marufuku kwa wengine, na hayo matatu ndiyo maana yote ya istilahi tunayoitafuta. Kwetu mzizi huo umezaa pia kitenzi kuhami, ambacho mafundi umeme wamekichukua wakapata kihami. Sasa tazama reli yenyewe. Saketi ya njia, yaani umeme upitishwao relini ili kutambua kama kipande kina treni, aliyoipatia hataza William Robinson wa Marekani mwaka 1872, kwa kawaida hutenganisha kipande na kipande kwa viungo vilivyohamiwa. Himaya hulindwa kwa vihami! Kamati ilikuwa na ulinganifu huu mbele ya macho yake ikaupita.

Wapo wanaosema neno hili linanuka ukoloni, kwa kuwa Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Mkoloni alilitumia neno. Mzizi wake ni wa kale kuliko yeye. Naye mwenzangu anayeng'ang'ania "hifadhi" ajue kwamba neno hilo limekwishachukuliwa na wanyamapori, na watu wa kompyuta nao wanalitumia kwa data.

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu treni zinazoongozwa kwa redio, na hata zinazojiendesha, zimefika kwenye reli nyembamba. Njia ya Senseki nchini Japani, yenye upana wa milimita 1,067 sawa na TAZARA, ilianza mwaka 2011 kutumia mfumo wa redio wa ATACS: treni huarifu mahali ilipo, na mpaka wa eneo lake husogea pamoja nayo. Hiyo ni himaya inayohama. Rasimu inatupa "kizuizi kinachotembea", na msomaji ataona ng'ombe njiani. Njia ya Kashii, pia ya milimita 1,067, haikuhitaji hata kuhama huko. Kampuni ya JR Kyushu ilianza mwaka 2020 kuendesha treni kiotomatiki juu ya himaya tuli, kwa kuongezea uwezo kwenye mfumo wa kusimamisha treni uliokuwapo. Mwaka 2024 ikaruhusu treni ziende bila dereva mwenye leseni, ila mhudumu akiwa mbele kwa dharura. Kwa njia moja yenye treni chache, himaya tuli ndiyo chaguo la busara. Na penye mataruma ya chuma, ambayo huunganisha umeme wa reli mbili yasipohamiwa vizuri, hesabu ya ekseli zinazoingia himayani na kutoka hufaa kuliko saketi ya njia.

Matumizi ni mepesi: omba himaya, pewa himaya, achia himaya; himaya iko huru, himaya ina treni. Nimewaandikia wanakamati haya yote kwa barua, pamoja na mzizi wa neno himaya, na bado sijaona sababu hata moja ya kuliacha neno kizuizi likapigwa chapa.