Mbao za Warburg Kabla ya Pinterest
Kukusanya picha ubaoni hakukuanza na Pinterest mwaka 2010. Katika miaka ya 1920, mjini Hamburg, Ujerumani, mwanahistoria wa sanaa Aby Warburg alibandika picha kwenye mbao zilizofunikwa kitambaa cheusi. Alifuatilia swali moja: ishara za mwili za sanaa ya kale zilirudi vipi katika sanaa ya baadaye? Alizipanga picha, akaupiga picha ubao wenyewe, kisha akazipangua na kuzipanga upya. Alifariki mwaka 1929 kabla ya kuikamilisha kazi hiyo. Hata hivyo, utaratibu wake bado unatufaa. Mwanafunzi anayehifadhi kila kinachompendeza hujaza ghala. Asipokuwa na swali, hana kigezo cha kujua picha ipi aiondoe.